Mepo ya Bondeni

Jirani yangu hapa Makambako huchoma takataka zake asubuhi. Mara nyingi ni mabua na makaratasi, na moshi wake hunikoholesha tu. Lakini juzi alikuwa amepunguza uzio wake wa miti ya miwati, akayatupa matawi mabichi kwenye moto yakiwa bado na umande. Ule moshi mzito, mweupe, wenye uchungu wa magome, ukaingia dirishani kwangu, na mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu nikajikuta nimekunja ngumi. Sikukohoa. Niliuvuta wote, nikamwona baba mdogo Obadia amesimama mlangoni kwetu na kiberiti mkononi, kama vile ni asubuhi ileile.

Nyinyi mliokulia Njombe wakati wa Mwingereza hamhitaji kuelezwa kipupwe. Mnakumbuka visigino vilivyopasuka hadi vikatoa damu, midomo iliyouma ukithubutu kucheka, na kamasi zilizokaukia puani kwa sababu hakuna aliyetaka kutoa mkono nje ya nguo. Mnakumbuka pia jinsi watu walivyobadilika. Mtu aliyekuwa mchangamfu wakati wa mavuno, ikifika miezi ile alikujibu salamu kwa kidevu. Waliokuwa na blanketi walikuwa wapole. Wasiokuwa nalo waliamka na ugomvi, juu ya kuni, juu ya kuku, juu ya nani ameacha mlango wazi. Mama yangu hakuhitaji baridi ili agombane na mtu, lakini baridi ilimnoa.

Kwa Kibena chetu cha nyumbani, upepo na baridi ni neno moja, mepo. Ukitetemeka ni mepo. Mti ukiinama ni mepo. Kwa mtu mzima hiyo si shida, anajua ipi ni ipi. Mimi nilikuwa mtoto, na nilidhani mepo ni mtu.

Lawama ni za Makambako hapahapa. Baba alipokwenda kukata mkonge Tanga, manamba kama wanaume wengine wengi, tulimsindikiza hadi hapa walikopakiwa kwenye lori. Upepo wa Makambako mnaujua. Siku hiyo ulibeba vumbi, majani na sauti za watu. Baba alipopanda, kofia yake iliruka, akanyoosha mkono kuidaka, na lori likaondoka naye mkono ukiwa bado hewani. Nilimwuliza mama nani amechukua. Nilimaanisha baba. Mama alikuwa anafikicha macho, akadhani naulizia kofia. "Mepo," alisema. Nikarudi nyumbani na neno hilo, kwa miguu, nikiwaza huyo Mepo ni mkubwa kiasi gani hata amnyakue baba mbele ya watu wote na asikemewe na mtu.

Baadaye nilijua anakaa wapi, maana kila kipupwe watu wazima walielekeza vidole kwenye milima ya Wakinga na kusema mepo inatoka kule. Nilimwona kichwani mwangu kama mzee mrefu asiye na nguo, anayeshuka alfajiri bila kufanya kelele, akapita nyumba zote, akaenda kukaa bondeni. Na bondeni ndiko kulikokuwa na kinyungu chetu.

Kinyungu ni lile shamba dogo la chini ya bonde linalolimwa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa yamekauka, kwa unyevu wa ardhi yenyewe. Baba alituachia kinyungu hicho na mbuzi mmoja mkorofi. Mbuzi alikufa kwa ukorofi wake mwenyewe. Kinyungu ndicho kilichotulisha, mama, mimi na mdogo wangu Yona niliyekuwa nambeba mgongoni. Wakati mahindi ya ghalani yamekwisha na mapya bado yana maji, nyumba nyingine zilipika majani matupu, lakini sisi tulikuwa na maharage ya kinyungu. Mtu aliyetaka kutujua tunaishije, angetazama kule chini tu.

Mama alikilinda kwa moshi. Jioni za kipupwe, anga likiwa jeupe bila wingu hata moja na upepo umekufa, alitoka jikoni na mwiko mkononi akatazama moshi wa nyumba za jirani. Ukipanda na kupotea, alirudi kwenye chungu chake. Ukipanda kidogo, ukasita, kisha ukainama na kuteremka kulala bondeni, alisema, "Alfajiri inashuka." Basi kabla hakujapambazuka alinivuta kutoka kwenye joto, tukateremka na makaa kwenye kigae. Matawi mabichi ya muwati na nyasi zilizolowa zilikuwa zimeshapangwa kando ya matuta. Moto wenyewe haukutakiwa kuwaka, ulitakiwa kufuka. Ule moshi ulijilaza juu ya maharage yetu kama blanketi, na mama alitembea kati ya mafungu ya moto akiimba nyimbo za kanisani, beti zote, ili meno yasigongane. Mimi niliamini tunamfukuza yule mzee kama wanavyofukuzwa nyuki.

Leo najua. Wanangu walifundishwa shuleni, wakaja kunieleza kana kwamba nilizaliwa jana: hewa ya baridi ni nzito, usiku usio na wingu ardhi hupoteza joto lake, na kama hakuna upepo wa kuivuruga, ile baridi huteremka mteremkoni taratibu na kutuama chini, umande ukaganda ukawa sakitu. Mama alisema mepo inapenda kukaa chini. Ndiyo maana maharage aliyapanda begani mwa bonde, na kule chini kabisa penye maji alipanda njegere na kabichi, ambazo hazitishwi upesi. Wanawake wengi wa kwetu walijua hivyo. Kilichomfanya mama atazamwe ni kwamba mume wake hayupo, na kwamba alikuwa na mdomo.

Sasa nifike kwa Obadia. Alikuwa mdogo wake baba, tumbo moja. Yeye alitangulia Tanga kwenye mkonge, akarudi na koti, na kiatu kinacholia, na Kiswahili cha huko pwani ambacho hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nacho. Kabla ya kusema neno lolote alisafisha koo. Alifanywa mzee wa kanisa, na mgeni yeyote aliyefika, wa serikali au wa misheni, Obadia ndiye aliyekuwa mdomo wake na masikio yake. Na alikitaka kinyungu.

"Shemeji," alimwambia mama siku moja, akiwa amesimama juu ya matuta yetu kama anayapima kwa miguu, "mwanamke peke yake, kinyungu chote hiki cha nini?"

"Cha kula, shemeji. Au Tanga walikula nini?"

Niliona shavu lake likicheza. Alisafisha koo akaondoka.

Kipupwe hicho mchungaji wetu aliugua, akaletwa mwingine kushika nafasi yake, mtu wa Uzaramo. Simlaumu sana yule mtu. Alikuwa mpole, lakini baridi ilimwonea. Alivaa koti juu ya koti na soksi mikononi, na sisi watoto tulimfuata njiani tukiangalia zile soksi. Alihubiri upesi, alibatiza upesi, na macho yake yalikuwa mlangoni muda wote, mlango wa kanisa letu ambao haukufunga vizuri. Mtu anayetetemeka hana subira ya kusikiliza. Baba mdogo aliliona hilo kabla ya wengine wote.

Alimwendea mchungaji akamwambia kwamba shemeji yake huonekana alfajiri bondeni, peke yake, na moto na majani mabichi, akiimba. Mama akaitwa mbele ya wazee, baada ya ibada, ndani ya kanisa lilelile la baridi. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na Yona mgongoni, nasubiri twende nyumbani.

"Mama," alisema mchungaji, "umeonekana bondeni na moto. Huko unafanya nini?"

Baba mdogo alifungua kinywa atafsiri. Mama akamkata.

"Nyamaza, shemeji. Kiswahili cha kujibia hilo ninacho."

Alikuwa na Kiswahili cha gulioni, cha kuuza karai la viazi na kumkatalia mtu anayepunguza bei. Alisimama wima akajifunga kanga vizuri.

"Mimi nafukuza mepo."

"Unafukuza nini?"

Hapo ndipo neno lilipomkwama. Akamgeukia baba mdogo, na ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona mama akimwomba yule mtu kitu, tena kwa macho tu. Baba mdogo alisafisha koo.

"Pepo," alisema. "Anasema anafukuza pepo."

Uso wa mama ulichangamka. Lilikuwa karibu mno na neno lake, akaliamini.

"Eee, pepo! Pepo mbaya sana, mchungaji. Inatoka kule kwa Wakinga. Asubuhi inashuka, inakaa bondeni, inaua maharage. Mimi nawasha moto, naimba, pepo inaondoka."

"Na unaimba?"

"Naimba sana."

Mchungaji alivua soksi moja, akaivaa tena. "Na wewe mwenyewe, mama, hiyo pepo hukuingia?"

"Inaingia, mchungaji! Inaingia mpaka kwenye mifupa. Hata watoto inawaingia." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Hata wewe naona imekuingia. Si unatetemeka?"

Wazee walicheka, wakaitikia kwa vichwa. Kiswahili chao kilikuwa kama cha mama, na waliyaona wenyewe makoti yale yakitikisika. Wakasema ndiyo, mchungaji, imekuingia, pole sana. Mtu mmoja tu hakucheka. Obadia aliyekaa Tanga, aliyejua vizuri mtu wa pwani akisikia pepo anafikiria nini, alikuwa anatazama viatu vyake. Angesema neno moja tu, baridi. Neno hilo hata mbuzi wetu angeweza kulisema. Hakulisema.

Mama alitengwa na Meza ya Bwana siku hiyohiyo, mpaka atubu na kuacha moto wake. Akahamishiwa benchi la nyuma, karibu na ule mlango, penye baridi kuliko mahali pote. Hakuelewa. Alidhani mchungaji anaogopa watu watachoma nyika.

Mimi ndiye niliyemletea maana. Kwenye mafundisho ya watoto mwalimu alitusomea habari za pepo wachafu walioingia katika nguruwe, akaeleza kwamba ni majeshi ya Shetani. Nilishika kichwa. Basi kumbe ndiye huyo! Yule mzee wa milimani aliyemchukua baba ana jina hata kwenye Biblia. Nilikimbia nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeokota kitu.

"Mama, pepo ni Shetani."

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mikono ilisimama.

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Kwa Kiswahili pepo ni Shetani. Anaingia watu, anaingia nguruwe."

Chungu kilifurika, kikazima moto, naye alikuwa bado amekaa. Halafu akasema polepole, si kwangu, "Obadia alikaa Tanga."

Alikwenda kumtafuta mchungaji akaambiwa amerudishwa kwao, kifua kimekataa hali ya hewa ya Njombe. Alikwenda kwa wazee, wakamwambia, "Lakini mama, si ulisema mwenyewe, kwa kinywa chako?" Na kabla hajamaliza kuzunguka nyumba zao, baba mdogo alikuwa ameshaketi na ukoo. Kaka yake akirudi, alisema, akute shamba lake limefanyiwa uganga na mke aliyetengwa? Afadhali yeye akitunze kinyungu, kwa muda. Ukoo ukaona ni maneno ya busara. Maharage tuliyoyapanda tuliyaona yakivunwa na mke wake, naye alipita mbele ya nyumba yetu akiwa ameinamisha uso.

Sitawaelezea sana ile masika. Tulikula majani ya maboga, na uji mwepesi uliokuwa unaonyesha chini ya kibuyu. Mikono ya Yona ikawa myembamba, akaacha kulia kwa sauti, akawa analia kama paka. Na Jumapili tulikaa benchi la nyuma, upepo wa mlangoni ukitupiga shingoni, tukitazama mgongo wa koti la baba mdogo kule mbele. Nilimchukia. Nasema hivyo bila kutafuta neno laini. Nilimchukia kiasi kwamba nikimwona njiani, meno yaliniuma.

Kwa Mungu sikuomba, maana Mungu niliona yuko upande wa mbele, kwa wenye makoti. Niliomba kwa Mepo. Kila asubuhi nikienda kuteka maji nilisimama nikiwa nimeelekea milima ya Wakinga nikamwambia, kwa Kibena, kwamba kosa la kumchukua baba nimemsamehe, abaki naye tu, lakini aje akae kwa Obadia. Nilimwahidi kwamba hatutamfukuza tena. Mara nyingine niliona ukungu ukisogea juu ya milima, nikajua amenisikia.

Kipupwe kilichofuata baba mdogo alilima kile kinyungu chote, na akakipanda maharage matupu kutoka begani hadi kwenye maji. Hakuwa amewahi kulima bonde. Mama alisimama uani akayaona yale matuta mabichi yakimetameta chini kabisa.

"Hadi majini," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa mbuzi. "Ee, shemeji. Hadi majini!"

Ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akicheka tangu siku ile kanisani.

Jioni fulani, maharage yakiwa kwenye maua, anga lilibaki jeupe kabisa. Kuku waliingia bandani mapema. Upepo uliokuwa ukivuma tangu mchana ulikatika ghafla, hadi ukasikia watu wa ng'ambo wakiongea. Mama alitoka na mwiko wake. Moshi ulipanda kutoka nyumba ya baba mdogo, ukasita, ukainama, ukashuka bondeni kulala.

"Inashuka," nilisema mimi.

"Inashuka," alisema mama.

"Tumwambie baba mdogo?"

"Tumwambie nini, mwanangu? Kwamba pepo inakuja? Yeye ni mzee wa kanisa, pepo zinamwogopa."

Akarudi ndani akapika ugali. Tulilala sote watatu chini ya blanketi la baba, na mama alilala usingizi mzuri, namkumbuka akikoroma.

Alfajiri, wakati ule ambao zamani tungekuwa tumeshateremka na makaa yetu, mtu alikohoa mlangoni. Alisafisha koo, kisha akasafisha tena.

"Kamwene, shemeji."

Mama alifungua macho. "Kamwene," alijibu, bila kuinuka.

"Shemeji, mepo imeshuka." Alisema kwa Kibena, kwa sauti ya chini. "Imeshuka kweli. Nimeshakata matawi. Njoo uwashe."

Nilichungulia kwenye mwanya wa mlango. Alikuwa na koti lake, mabega yamepanda hadi masikioni, na mkononi alikuwa na kiberiti. Nilishangaa kwa nini mtu mwenye kiberiti na matawi aje kuomba awashiwe moto. Kisha hata mimi mtoto nikaelewa. Nyumba zote zilitazamana na bonde lile. Alishasema mbele ya kanisa na mbele ya ukoo kwamba moto wa bondeni ni kazi ya pepo. Angewasha yeye, kila mtu angeuona moshi wa Mzee Obadia ukifuka. Alitaka uwe moshi wa mama.

"Sikusikii vizuri, shemeji," alisema mama kutoka chini ya blanketi. "Sema kwa Kiswahili."

Baba mdogo alihamisha kiberiti mkono wa pili.

"Kitu gani kimeshuka? Sema kwa Kiswahili. Sema kwa sauti, jirani wasikie, halafu nitakuja kuwasha. Nitakuja sasa hivi na makaa yangu mwenyewe."

Mama hakuwa anamdanganya. Angekwenda, namjua, angeteremka akaokoa maharage ya mtu yule kwa ajili ya neno moja tu. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja nje ya blanketi. Nilimwona baba mdogo akifungua mdomo. Mvuke ulitoka, nikangoja neno litoke pamoja nao. Akafunga mdomo. Akasafisha koo, akageuka, akaenda zake, viatu vikilia juu ya nyasi zilizoganda.

Mama aliurudisha mguu ndani. "Basi," alisema.

Kulipopambazuka nilikimbia hadi ukingoni. Bonde lote lilikuwa jeupe, na juu yake kulikuwa na mstari kama umepigwa kwa kamba, chini nyeupe, juu kijani cha miti. Jua lilipoigusa ile nyeupe iliyeyuka upesi, na maharage yakaonekana sawasawa. Yalikuwa meusi. Yamelegea, yamelala, kama yamemwagiwa maji ya moto, na harufu yake ilikuwa ya mboga iliyopikwa. Kando ya tuta lilikuwepo fungu kubwa la matawi ya muwati, yamepangwa vizuri kabisa, hayajaguswa na moto. Mke wa baba mdogo alikuwa amekaa karibu nayo, anatazama. Baba mdogo alisimama majini na viatu vyake vinavyolia.

Moyo wangu ulisuuzika. Mtaniambia mtoto hapaswi kufurahia chakula cha watu kikiharibika, na mimi nitawaambia mtoto yule alikuwa amembeba Yona mgongoni masika nzima na kumhisi akipungua uzito. Niliinama kuelekea milima ya Wakinga nikasema asante. Kwa muda mrefu niliamini ni mimi niliyemwita, na kusema kweli, hata baada ya wanangu kunieleza habari za hewa nzito, sijaliachia lote.

Baba alirudi kutoka Tanga na kikohozi, akachukua kinyungu chake bila ugomvi. Tulipomsimulia, alitikisa kichwa akasema Obadia ni ndugu yake, afanyeje. Alikuja mchungaji mwingine akamrudisha mama Mezani bila kuuliza sana. Lakini yale maneno ya kanisani hakuna aliyeyafuta. Kila palipokuwa na mgonjwa au ng'ombe aliyetupa mimba, macho yaligeukia nyumba yetu kidogo. Mama aliruhusiwa kukaa popote, akabaki benchi la nyuma hadi uzee wake. Ukimwuliza, alisema, "Hapa ndipo penye mepo, nimeizoea." Tulimzika bila Obadia kulisema lile neno. Alikuja mazikoni, akasafisha koo, akaomba sala ndefu.

Yeye aliishi sana. Watu wa aina yake huishi. Alipokuwa mkongwe kabisa, wajukuu zake walimleta hapa Makambako akae kwangu kwa muda apate kutibiwa karibu, maana mimi ni mtoto wa kaka yake, na mtoto hamkatai baba mdogo. Kiswahili chake chote cha Tanga kilikuwa kimemtoka, kimebaki Kibena. Nilimpa chumba, nikampa uji, nilifanya yote yanayotakiwa.

Nyumbani kwangu yuko Salome, mke wa kijana wangu, Mbondei wa Muheza, Kibena anakisikia nusunusu. Asubuhi moja ya kipupwe alinijia jikoni macho yamemtoka.

"Mama, babu anasema ana pepo! Anasema imemwingia mpaka kwenye mifupa. Nimwite mchungaji aje kumwombea?"

Niliweka mwiko chini.

"Mwite," nilisema. "Mwambie babu ana pepo mbaya sana."

Alikuja kijana mwenye sauti kubwa. Jambo la kwanza aliamuru madirisha yote yafunguliwe ili pepo wapate pa kutokea. Upepo wa Makambako mnaujua. Uliingia na vumbi, ukainua mapazia, ukamkuta yule mzee kitandani na shuka moja. Mchungaji alikemea. Mzee akatetemeka. Mchungaji alipoona anatetemeka, akakemea zaidi. Mimi nilivuta kigoda nikakaa miguuni pa kitanda, mikono mapajani, nikatulia kama mtu aliyefika kwake.

"Mepo," alisema baba mdogo, akinitazama mimi. "Mwanangu, mepo."

Nikainama karibu naye.

"Sikusikii vizuri, baba mdogo. Sema kwa Kiswahili."

Watu huniambia nina sauti ya mama. Nilimwona akiisikia. Macho yalisimama, mdomo ukafunguka ukafungwa, kama siku ile. Mzee alisafisha koo.

"Baridi," alisema.

"Kwa sauti. Mchungaji hajasikia."

"Baridi. Ni baridi tu."

"Na ile ya mama?"

Machozi yalimtoka. Labda ni upepo, sikuchunguza.

"Nayo ilikuwa baridi."

Nilimwambia Salome akalete blanketi. Sikumwambia akimbie.